Mtoto anakimbia vizuri, eko inasema valvu ina kasoro: tumchome sindano kila mwezi?

Daktari,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kahama, nauza mitumba sokoni. Shida yangu ni ya binti yangu wa pili, ana miaka 12 na yuko darasa la sita.

Miezi michache iliyopita wataalamu walikuja shuleni kwao kupima watoto moyo. Waliwapaka jeli kifuani na kuwapitishia kimashine kidogo cha kushika mkononi. Wengi waliambiwa wako sawa. Binti yangu na wenzake wachache walipewa karatasi waende hospitali wakapimwe upya. Nikampeleka. Hospitali walimlaza kwa ubavu wa kushoto, wakampima kwa mashine kubwa kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mimi nilikaa pembeni naangalia ile rangi nyekundu na bluu inavyowaka na kuzimika kwenye skrini, bila kujua inasema nini.

Majibu yameandikwa Kiingereza. Mwalimu wake wa sayansi ndiye aliyenisomea: uzito kilo 34, valvu ya mitrali, jani la mbele limenenepa kidogo, damu inarudi nyuma kidogo, urefu sentimita 2.3, moyo una ukubwa wa kawaida na unasukuma damu vizuri, ugonjwa wa moyo wa rumatiki, hatua B. Chini daktari ameandika achomwe sindano ya Penadur kila baada ya wiki 4, na arudi kupigwa eko nyingine baada ya mwaka.

Hapo ndipo nyumba imegawanyika. Mume wangu anasema mtoto huyu hajawahi kulazwa, na mwaka jana alifika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya mkoa kwa mbio za mita 800. Anauliza, mgonjwa wa moyo gani anakimbia hivyo? Nilimpeleka pia kituo cha afya cha karibu, tabibu akamsikiliza kifuani, akasema hasikii kitu. Mama mkwe anasema sindano hizo ndizo zilizomuua kijana wa jirani yao. Alichomwa, akaanguka palepale. Kijana huyo alikuwa mgonjwa wa moyo kweli, nilimwona mwenyewe, miguu ilikuwa imevimba na alikuwa halali bila kuegemea mito. Dada yangu wa Dar naye anasema tuuze kiwanja mtoto akapigwe MRI au CT, ndiyo picha ya uhakika.

Binti mwenyewe amekuwa kimya siku hizi. Juzi tukiwa tunaosha vyombo ameniuliza kama akiwa mkubwa ataweza kuzaa. Nikamwambia aache mambo ya kikubwa, lakini swali halijaniondoka.

Naomba unisaidie. Ile picha inaweza kweli kujua kitakachompata mbele? Kama inaweza, inasemaje juu yake? Sindano ni lazima? Na aache kukimbia?

Mama, Kahama

*

Mama wa Kahama,

Asante kwa barua, na zaidi kwa kuniandikia vipimo vyenyewe. Ile sentimita 2.3 na lile jani lililonenepa vimenisaidia kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Ndiyo, achomwe sindano hiyo ya Penadur, ambayo ni penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Picha ya eko, ile ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, haijui kitakachompata binti yako yeye mmoja. Inachojua ni kwamba yumo katika kundi la watoto ambao wasipokingwa, baadhi yao valvu, yaani milango ya moyo, huendelea kuharibika. Na hatari hiyo inaweza kupunguzwa sana kwa dawa rahisi, iliyopo miaka mingi. Magonjwa ya moyo ambayo picha inayaona mapema kiasi hiki, na dawa ya kuyazuia ikawa inapatikana hadi wilayani, si mengi.

Nianze na mume wako, maana hoja yake ndiyo ninayoisikia mara nyingi kliniki, na si hoja ya kijinga. Mtoto anakimbia mita 800, kwa nini aitwe mgonjwa? Kwa sababu katika hatua hii ugonjwa hauna dalili. Damu inayorudi nyuma kwenye valvu yake ni kidogo, na moyo wa mtoto unaimudu bila kuchoka. Hata mbio za mkoa hazitaifichua. Wala kipimo cha masikioni. Tabibu wenu hakukosea. Damu ikivuja kidogo hivyo, mara nyingi haitoi sauti ya kusikika. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya watoto wa shule waliopimwa Kambodia na Msumbiji kwa njia zote mbili. Upande wa Msumbiji, kusikiliza kifua kuligundua watoto wapatao 2 katika kila 1,000. Eko, kwa watoto walewale, iligundua 30. Tangu hapo hakuna anayebisha kwamba sikio peke yake linawaacha wengi.

Ugonjwa wenyewe, huu wa moyo wa rumatiki, huanzia kooni. Mtoto hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokokasi, homa ya siku chache, anapona, kila mtu anasahau. Lakini kwa baadhi ya watoto, askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria huyo huishambulia pia tishu ya moyo, hasa valvu, kwa kuwa kuna sehemu zinazofanana. Valvu huvimba, kisha hupona kwa kovu. Koo likishambuliwa tena, uvimbe unaweza kurudi na kovu likaongezeka juu ya kovu. Ndivyo jani laini linavyokuwa nene na gumu, lisifunge vizuri au lisifunguke vizuri. Usijiulize ni lini alipata homa ile ukaikosa. Wazazi wengi wa watoto tunaowagundua kwa eko hawakumbuki homa yoyote wala viungo kuvimba, na si kwamba hawakuwa makini.

Sasa tusome karatasi yako, maana ndani yake ndimo mna jibu la swali lako kubwa.

Valvu ya mitrali ni mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Ina majani mawili. Jani la mbele ndilo tunalolitazama sana. Kwa mtu wa miaka 20 kushuka chini, likifika unene wa milimita 3 tunalihesabu limenenepa. Hiyo ndiyo dalili ya umbo. Dalili ya pili ni mtiririko. Zile rangi ulizoziona, bluu na nyekundu, ni damu inayokwenda mbali na kifaa na inayokuja kuelekea kifaa. Valvu ikiwa imefunga halafu rangi ikachomoza kurudi nyuma, tunaupima urefu wake. Mtoto wa kilo 30 kwenda juu, sentimita 2 ndio mpaka. Wa chini ya kilo 30, sentimita 1.5. Wako ana kilo 34 na 2.3, basi ameuvuka mpaka kidogo. Tunaangalia pia kama damu hiyo inarudi kwa kipindi chote moyo unapokaza, na kama inaonekana kutoka pembe zaidi ya moja. Ndiyo maana walimpima muda mrefu. Watoto wengi wazima huvujisha damu kidogo sana na haina maana yoyote, na fundi mwaminifu hatoi jina la ugonjwa kabla hajaangalia kila pembe.

Vigezo hivi vya Shirikisho la Moyo Duniani vilitolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2023, na aliyeongoza marekebisho hayo ni daktari wa moyo wa Uganda, Joselyn Rwebembera. Ndipo zilipoingia hatua A, B, C na D. Hatua A ni mtoto anayevujisha damu kupita kawaida lakini majani ya valvu hayana kasoro ya umbo. B ni ugonjwa mdogo, uvujaji kidogo pamoja na kasoro ya umbo, kama wa binti yako. C ni uvujaji wa wastani au mkubwa, au valvu iliyoanza kubana. D ni pale matatizo yameshafika, kama moyo kushindwa kazi, mapigo kuvurugika au kiharusi. Nimefurahi kuona daktari aliandika herufi hiyo, kwa sababu ndiyo inayobeba utabiri.

Na utabiri wenyewe haukutoka mbali. Mwaka 2017 madaktari waliokuwa wakiwafuatilia watoto nchini Uganda walichapisha walichokiona kwa watoto 227 wa aina hii, waliogunduliwa kwa eko bila kuwa na dalili, baada ya miaka kama 2 hivi. Wale 21 walioanza na ugonjwa wa wastani au mkubwa, karibu nusu yao hali ilikuwa mbaya ndani ya miaka 2. Wale 42 waliokuwa na ugonjwa dhahiri lakini mdogo, ambao kwa lugha ya leo wako karibu na binti yako, asilimia 26 picha zao ziliharibika zaidi, na asilimia 45 picha zao zikawa nzuri zaidi. Waliobaki walikaa palepale. Kundi la chini kabisa, lenye mashaka tu, asilimia 10 hivi ndio walioharibika.

Mwoneshe mume wako namba hizo zote, pamoja na ile asilimia 45. Hana makosa moja kwa moja: kuna uwezekano mkubwa valvu hii ikabaki ilivyo au hata ikaimarika. Lakini mmoja katika kila wanne wa kundi lile alirudi nyuma, na hakuna daktari anayeweza kuitazama picha ya leo akakuambia binti yako ni yupi kati ya hao wanne. Walichoona ni kwamba watoto wadogo zaidi kwa umri, na wale ambao majani ya mitrali tayari yana kasoro ya umbo, ndio walioelekea pabaya zaidi. Wako ana hilo la pili. Mimi nisingemwacha hivihivi.

Kisha likabaki swali ambalo lilitusumbua miaka mingi sisi tunaofanya kazi hii: tukishamgundua mtoto mapema, sindano zinambadilishia chochote, au tunamtia uchungu bure? Jibu limetoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Walipima watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17. Upimaji wa kwanza uliwashuku 3,327. Baada ya kupimwa tena kwa makini, 926 tu ndio waliothibitishwa na kukidhi masharti ya utafiti. (Hapa ona kwa nini binti yako alitumwa hospitali kurudiwa. Kimashine cha mkononi ni cha kuchuja, hakitoi hukumu.) Watoto 818 ndio waliohesabiwa kwenye matokeo, wengi wao wakiwa wa ngazi ya chini ya ugonjwa. Nusu walichomwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 4, nusu hawakuchomwa, na eko zao zikasomwa na wataalamu wasiojua nani yuko kundi gani. Baada ya miaka 2, waliochomwa ambao picha zao ziliharibika walikuwa 3, sawa na asilimia 0.8. Wasiochomwa walikuwa 33, asilimia 8.2.

Watatu dhidi ya thelathini na watatu. Mimi tangu matokeo hayo yatoke siwaambii tena wazazi wa mtoto wa hatua B "tusubiri tuone".

Wanaoachwa hadi dalili zijitokeze tunawajua vizuri, kwa kuwa ndio wanaojaza wodi. Utafiti mmoja uliandikisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake. Theluthi mbili ni wanawake. Karibu asilimia 17 walikuwa wamefariki ndani ya miaka 2. Sikutajii haya ili nikutishe juu ya binti yako, yeye yuko mbali sana na hapo. Nakutajia ili ujue sindano ile inazuia kitu gani.

Sasa hofu ya mama mkwe. Tafadhali usimpuuze, na usimwambie ameota. Watu wamewahi kufa baada ya sindano hii, na zamani kila mmoja wao alihesabiwa kuwa amekufa kwa mzio wa penisilini. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko baada ya kupitia vifo vya namna hiyo. Walichokisema ni kwamba vingi havikufanana na mzio. Wengi walikuwa ni wagonjwa ambao moyo umeshaharibika sana, valvu imebana au imevuja vibaya, moyo hausukumi vizuri. Kwa mtu kama huyo, maumivu ya sindano na hofu vinaweza kushusha mapigo na presha ghafla, na moyo uliochoka hauna akiba ya kurudi. Kwa wagonjwa hao walishauri penisilini ya vidonge badala ya sindano.

Sikumpima kijana wa jirani, kwa hiyo siwezi kusema nini kilimuua. Lakini uliyoyaeleza, miguu kuvimba na kulala kwa kuegemea mito, ni dalili za moyo ulioshindwa. Karatasi ya binti yako inasema moyo una ukubwa wa kawaida na unasukuma vizuri. Hao si wagonjwa wa aina moja. Na hii ni faida nyingine ya picha ambayo watu hawaifikirii: inaonesha pia ni nani sindano inamfaa bila wasiwasi mkubwa na ni nani apewe dawa kwa njia nyingine. Kule Gulu, katika maelfu ya sindano zilizochomwa, mzio wa mwili mzima ulitokea mara moja, nao ulikuwa mdogo. Hata hivyo mzio upo, kwa hiyo kama aliwahi kuvimba uso, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya dawa yoyote ya jamii ya penisilini, mwambie mchomaji kabla hajafungua kichupa.

Siku ya sindano fanya hivi. Ale kwanza. Anywe maji ya kutosha. Achomwe akiwa amelala, si amesimama akishikilia meza. Muulize nesi kama wanachanganya dawa na ganzi ya lignokaini, inapunguza maumivu sana. Dawa isukumwe polepole. Akae palepale kituoni nusu saa akiangaliwa, hapo ndipo pawe na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, tayari. Kwa kilo 34 dozi yake ni uniti milioni 1.2. Na mhesabie wiki, usihesabu mwezi. Wiki 4 ni siku 28, hivyo kwa mwaka ni sindano 13, si 12. Kama ya kwanza imeangukia Jumanne, zote ziwe Jumanne, ndivyo akina mama wengi wanavyokumbuka. Akichelewa siku chache si mwisho wa dunia, mpeleke, mkaendelee. Kinachoharibu ni kuacha miezi mitatu halafu kuanza upya kila koo linapouma. Kwa bahati njema bakteria huyu hadi leo hajawa sugu kwa penisilini, kwa hiyo dawa bado inafanya kazi ile ile.

Utaniuliza hadi lini. Utafiti wa Gulu ulikwenda miaka 2, na daktari wako ataamua baada ya kila eko. Mtoto ambaye picha imerudi kawaida anaweza kuachishwa. Ambaye imeharibika ataendelea miaka mingi. Usikubali kuachishwa bila picha, eti kwa sababu "anaonekana mzima". Alionekana mzima tangu mwanzo.

Kiwanja msiuze. Dada yako ana nia njema, ila MRI na CT si picha za shida hii. CT itampa mionzi bila kuongeza jibu. MRI ni mashine nzuri sana, lakini kazi yake kubwa kwenye uvimbe wa moyo ni pale msuli wenyewe unapovimba, kwa mfano baada ya virusi. Pale mgonjwa huchomwa rangi ya gadoliniamu, na sehemu ya msuli yenye kovu hubaki inang'aa. Hilo nalo hutabiri: katika wagonjwa 670 walioshukiwa uvimbe wa msuli wa moyo, waliofuatiliwa Boston na matokeo kuchapishwa mwaka 2017, wenye kovu walipata matatizo makubwa ya moyo kwa kiwango cha asilimia 4.8 kwa mwaka, wasio na kovu 2.1, na wale ambao MRI yao yote ilikuwa safi 0.8 tu. Kijana aliyepata maumivu ya kifua baada ya mafua makali, huyo ningemtafutia MRI hata kwa mkopo. Binti yako shida yake ni jani jembamba la valvu linalopepea kila pigo la moyo. Kwa kuliona jani hilo likitembea, kulipima unene na kuona damu inapita upande gani, eko ndiyo bora, na inarudiwa mara nyingi bila madhara. Fedha za kiwanja zitafaa zaidi kwa nauli ya kliniki.

Kama mnataka jicho la pili, na ni haki yenu, ombeni rufaa kwenda Bugando, Mwanza, ndiyo hospitali ya kanda yenu. Mkifika ombeni eko irudiwe na daktari wa moyo wa watoto. Chukueni nakala ya majibu yenye vipimo, na kama mashine inaruhusu, video kwenye flash. Eko ya mwaka ujao itakuwa na maana ikilinganishwa na ya leo. Jani lilikuwa milimita ngapi, limekuwa ngapi? Damu ilirudi sentimita 2.3, sasa ni ngapi? Je, valvu ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, nayo imeanza kuvuja? Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza daktari siku hiyo, na uyaandike majibu nyuma ya kadi.

Kukimbia, aendelee. Kwa uvujaji mdogo na moyo wenye ukubwa wa kawaida hakuna sababu ya kumtoa kwenye mbio. Kumtoa kutamfundisha kujiona mlemavu, na nahisi ukimya wake umeshaanza kutokea huko. Mwalimu wa michezo ajue tu, ili mtoto akisema leo pumzi inabana asilazimishwe.

Na lile swali la kuzaa. Mrudie, Mama, ukalijibu. Mwambie ndiyo. Mwanamke mwenye valvu inayovuja kidogo, moyo ukiwa mzuri, kwa kawaida hubeba mimba na kujifungua salama akiwa chini ya uangalizi. Wanaopata shida ni wale ambao valvu imebana sana, na wengi hawakujua mpaka mimba ilipouelemea moyo. Yeye anajua tangu ana miaka 12. Mweleze pia kwamba sindano hizi ni kwa ajili hiyo hiyo, ili akifika miaka 25 valvu iwe kama ilivyo leo au nzuri zaidi. Watoto wa umri wake huvumilia sindano nyingi wakiambiwa ukweli. Wakifichwa huanza kujificha siku ya kliniki.

Nyumbani, koo likimuuma pamoja na homa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo hata kama sindano yake haijafika. Ndugu zake wawili pia, wasitibiwe kwa maji ya chumvi pekee. Meno yapigwe mswaki asubuhi na usiku, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu yenye kasoro. Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona viungo vinavimba na maumivu yanahama kutoka goti kwenda kifundo, mikono ikicheza yenyewe bila yeye kutaka, akikosa pumzi akilala chali, au miguu ikivimba. Hapo mpeleke hospitali na karatasi zake zote mkononi.

Eko ya mwaka ujao ikitoka, niandikie vipimo kama ulivyofanya safari hii.